Mahudhurio ya Mtoto wa Kwanza

Ijumaa ya kwanza kishikwambi cha mradi wa masomo ya nyumbani kilipotoa taarifa ya wazazi, fundi cherehani alikuwa anapinda ukosi wa sare, pini tatu mdomoni. Sauti ya kike ilisema taratibu, kwa kuwa mradi wenyewe ulitengenezwa ukiwafikiria wazazi wasiojua kusoma: "Mzazi mpendwa. Mtoto wako wa pili amepata sita kwa kumi. Mtoto wako wa kwanza amepata kumi kwa kumi. Hongera."

Fundi akazitema pini kiganjani. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita, akiwa na miaka mitatu.

Tuseme ukweli, hakudhamiria uongo. Siku ya mkutano wa wazazi, mwalimu wa mradi, kijana mwenye tai fupi na moyo mzuri, alikuwa amesimama mbele akirudia kwamba hakuna familia itakayoachwa nyuma. Nyumba yenye watoto wawili ingepewa kishikwambi chake. Nyumba yenye mmoja ingechangia na jirani. Jirani wa fundi alikuwa Mama Duka, na aliyewahi kuazima hata ungo kwa Mama Duka alijua kuchangia huko kungekuwaje. Kishikwambi kingefungiwa kabatini, na binti wa fundi angekigusa siku mwenye kabati akiamka vizuri.

"Una watoto wangapi, mama?" mwalimu aliuliza.

"Wawili," fundi akajibu. Lilimtoka lenyewe. Aliyezaa wawili, akiulizwa ghafla, huwahesabu wawili.

"Huyu wa kwanza ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Mbona simwoni kwenye orodha ya shule?"

"Yuko nyumbani tu."

"Basi ndio hao tunaowatafuta!" mwalimu akafurahi, akamsogezea kishikwambi alitaje jina la mtoto kwa sauti. Fundi akalitaja. Benchi zima la nyuma lilimjua mtoto yule. Wengine walikuwepo siku anazikwa. Wakainamisha macho kwa huruma, hata Mama Duka, na hakuna aliyefungua mdomo. Fundi akachovya dole gumba kwenye wino, akagonga kwenye fomu.

Sasa pale chumbani, na ukosi mapajani, alipaswa kumpelekea mwalimu habari. Badala yake alibonyeza asikie tena. Kumi kwa kumi. Moyo wake ulijaa furaha ya kijinga, furaha ya mama yeyote, na hakumwambia mtu.

Binti yake, wa miaka kumi, walimwita Chiriku kwa kuwa alianza kuongea kabla ya kutembea na hakupumzika tangu hapo. Kila siku saa tisa alasiri kishikwambi kiliita majina ya nyumba hiyo, na kila mtoto alitakiwa kuitikia. Jumatatu kilimwita Chiriku, akapayuka, "Nipo!" Kikaita jina la kaka yake. Cherehani ilikuwa inakimbia, na fundi akaondoa mguu kwenye pedali ili asikilize. Kutoka chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwenye mabaki ya nguo, sauti ndogo iliyokauka ikasema, "Nipo."

"Mama, nani huyo?" Chiriku akanong'ona.

"Ni mashine, mwanangu. Soma."

Lakini chumba kilikuwa kimeanza kunuka dawa ya maji ya homa, ile tamu ya watoto, na chini ya utamu huo harufu ya shuka lililolowa jasho. Fundi aliinama, akainua mabaki moja moja. Yalikuwa na joto, kama yametoka kulaliwa.

Wiki ya pili Chiriku alianza kupungukiwa na maneno. Alianza sentensi akaiacha njiani. Aliomba maji kwa kuonyesha kidole. Zahanati walimpima damu, wakamtazama koo, wakasema mtoto mzima. Na alasiri moja, jua likiwaka nje na watu wakipita barabarani na shughuli zao, kishikwambi kikamwita Chiriku, naye akiwa ameketi mbele yake kabisa akajibu nipo, na ile sauti ya upole ikasema, "Hayupo," akajibu tena kwa nguvu zaidi, mishipa ya shingo ikimtoka, nipo, nipo, na kikasema tena hayupo, na hapo ndipo kutoka chini ya meza kikaja kicheko kidogo cha mtoto anayejificha akijua ataonekana, na mabaki ya vitambaa yakaanza kupanda na kushuka taratibu, yakipumua.

Fundi alimnyakua binti yake na kishikwambi, wakatoka bila viatu.

Walikimbilia kwa mganga, mkunga mstaafu aliyejulikana kwa kutoa majini. Mganga alikataa hata kukishika kishikwambi. Alisikiliza habari yote, kisha akamsogelea fundi sikioni.

"Hakuna aliyekuloga," alinong'ona. "Umemkaribisha mwenyewe. Jina la marehemu likiitwa kila siku kama la mzima, jini huliokota. Ameshapata jina. Sasa anatafuta mwili."

"Nikitupe chooni?"

"Kitupe, yeye atabaki. Ulimtaja mbele ya watu, basi nenda ukamkane mbele ya watu hao hao. Sema mwanao ni mmoja. Na akikuita, mama yangu, nakuomba, usimwitikie. Ukimwitikia umempa."

"Nimempa nini?"

Mganga akamtazama Chiriku.

Mkutano wa wazazi ulikuwa kesho yake asubuhi. Fundi aliingia darasani akiwa amemshika Chiriku mkono, akakiweka kishikwambi juu ya meza ya mwalimu. Mkono wa binti yake ulikuwa umelowa, ukimbana vidole hadi vinauma, na fundi alimpenda kwa uchungu. Alikuwa ameamua. Tangu usiku alikuwa ameshaamua.

"Nilikosea kuandikisha," alisema. "Naomba mumfute wa kwanza."

Mwalimu akababaika. "Nikimfuta, mama, kishikwambi kitabidi mchangie na jirani."

"Nitachangia."

"Basi sema mwenyewe kwa sauti una watoto wangapi. Ndivyo mfumo unavyotaka."

Fundi akavuta pumzi. Ile harufu ikaingia nayo, dawa na jasho, na hakuna mwingine aliyeonekana kuisikia. Akainama juu ya kioo. "Mwanangu ni..."

"Mama," kishikwambi kikasema, kwa kile kisauti kilichokauka. "Usiniache."

Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa na mtoto wake wodini, saa ile alipotoka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Hakuwahi kumsimulia mtu, hata mume wake kabla hajaondoka zake. Alikuwa amemwambia mtoto nakuja sasa hivi, na bombani kulikuwa na foleni, na aliporudi na kikombe chake alimkuta ameshafunikwa uso. Miaka tisa alikuwa amesimama kwenye foleni ile. Alijua ni jini. Alijua kama anavyojua mshono wake mwenyewe, na mganga alimwonya, na Chiriku alikuwa anamvuta mkono kwa nguvu zote, mdomo wazi, akitikisa kichwa, asiweze kutoa hata sauti, lakini mtoto alikuwa anamwita, mtoto wake alikuwa anamwita, na safari hii alikuwa karibu.

"Abee, mwanangu," fundi akasema. "Niko hapa. Siendi popote."

Mama Duka alishika mdomo.

"Kwa hiyo ni wangapi, mama?" mwalimu akauliza.

"Wanangu ni wawili."

Mwalimu akaandika. Chiriku akaacha kuvuta. Alichomoa mkono wake taratibu, akaenda kuketi benchi la mbele, akaanza kuvinyoosha na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja, akivitazama kwa makini. Harufu ilikuwa imekwisha kabisa.

"Chiriku," mama yake akaita. "Chiriku!"

"Abee, mama! Mama, nitoe! Kuna giza huku, mama!" Ilikuwa sauti ya Chiriku, ile ile ya kupayuka, na ilitoka ndani ya kishikwambi. Kwenye benchi, msichana hakugeuka.