Kamera Imerudi Usukanini

"Umeihamisha kamera," Dorothy alisema.

"Nimeihamisha," Jasper akajibu. Alikuwa amesimama mlangoni pa duka, helmeti kwapani, vumbi la Garsen limemjaa mpaka kwenye kope.

"Kwa nini?"

"Huku chini kwenye usukani inatulia zaidi."

Uongo wa mchana kweupe. Dorothy aliinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiifungua, akamtazama, akangoja acheke. Jasper hakucheka. Aliiweka memori kadi juu ya meza, akasema ana abiria wa Minjila, akaondoka bila hata kuonja chai iliyokuwa imeshamiminwa.

Sasa ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, maana bila habari ya hiyo kamera hamtajua ni kitu gani kilimkosesha binti wa watu hamu ya chakula.

Jasper ni mzaliwa wa Ngao, lakini pikipiki yake inashinda Garsen. Alikuwa na kamera ndogo, haizidi kibiriti viwili, ile wanayofunga waendesha pikipiki ili ipige picha za njia wakati wao wako mwendoni. Alikuwa akipiga barabara. Leo ya Lamu, kesho ya Hola, kesho kutwa vichochoro vya kuingia mashambani. Mtu wa kupita angesema ni kazi ya wazimu, nani atakaa kutazama barabara? Lakini walitazama. Watu wa Tana walioko mbali walitazama kwa kukumbuka nyumbani, na madereva walitazama kujua kama maji yamepanda barabarani. Alikuwa akiziita video zake Njia za Tana.

Wa kuzikata na kuziunga alikuwa Dorothy. Kwao ni Ndera, ila alikuwa amepanga chumba Garsen na kufungua duka la kutengeneza simu, mlango wa buluu, kwenye kona kabla hujafika soko la mifugo. Jioni Jasper akileta kadi, Dorothy anachomeka kwenye laptopu, wanakunywa chai, kazi inaenda.

Mwanzoni kamera ilifungwa kwenye usukani kwa kibano. Barabara zetu mnazijua. Picha ilitetemeka mpaka watazamaji wakaandika kwamba wanasikia kizunguzungu, na sauti ilikuwa injini tupu. Ni Dorothy aliyemwambia aipandishe kwenye helmeti, pale kidevuni.

"Shingo ya mtu ni springi," alimwambia. "Mashimo yatamezwa na mwili wako."

Akaifanya kazi kwa mikono yake. Aliisafisha helmeti kwa spiriti, akaiacha gundi ipate joto la jua, akabandika na kuikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Akafunga kamba ya kiatu ili kamera ikibanduka ining'inie isianguke, na kwenye kinasa sauti akaweka kipande cha sponji kuzuia upepo. Kuanzia siku hiyo picha zikatulia, ukitazama ni kama uko juu ya pikipiki wewe mwenyewe.

Ila kulikuwa na kasoro moja. Pikipiki ikifika kwenye kona ya duka, picha inapinda kushoto. Kila safari. Dorothy alikuwa akikikata kile kipande haraka, sauti ameizima, na kukiweka pembeni.

"Hapa kwangu kichwa chako hakitulii," alimwambia zaidi ya mara moja. "Angalia mbele, Jasper."

"Nitajaribu," Jasper alikuwa akijibu, na kuinamia kikombe chake.

Qabale, mama wa Kiorma aliyekuwa akiuza maziwa kwenye kivuli cha duka hilo, alikuwa na maelezo yake. "Huyu kijana shingo yake iko na ugonjwa," alisema. "Ikifika hapa inapinda. Ikipita, inapona." Dorothy akacheka, akaendelea na simu zake. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini hata kikohozi kinahitaji mtu wa kukisikia.

Halafu akaja Hudson.

Hudson hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa na kazi ya ofisi kule Hola, mpole, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Alimwona Dorothy kanisani, akapitia kwa shangazi wa Dorothy, Teresia, aliyemlea binti huyo tangu mama yake alipofariki. Shangazi alipomuuliza, Dorothy alisema apewe muda. Shangazi akalichukua hilo kuwa ndiyo ya mtu mwenye haya. Ujumbe ukaingia kwenye simu:

"Dorothy mwanangu, wazee wa kina Hudson wanakuja Jumamosi. Funga duka uje mapema. Maji ya kunawa utayapeleka wewe."

Ujumbe mfupi, lakini maji hayo yalikuwa na uzito. Katika nyumba ile ya kina Dorothy binti haulizwi mbele ya wageni. Akiwa amekubali, anabeba birika na beseni mwenyewe, anawanawisha wazee wa mume, na mambo yamekwisha. Akiwa hataki, maji yanapelekwa na mtu mwingine, na wageni wanajua. Tangu nyanya yake, hakuna aliyewahi kukataa. Shangazi Teresia mwenyewe aliyapeleka huku analia.

Garsen siri haikai. Habari ya Jumamosi ilifika kwa waendesha bodaboda kabla Dorothy hajajua atavaa nini. Alhamisi, kamera ikawa imerudi usukanini.

Jasper alipoondoka siku hiyo, Dorothy alichomeka kadi. Picha ilitetemeka vibaya. Pikipiki ikaja, ikafika konani, ikapita. Mlango wa buluu ulionekana ukingoni mwa picha kidogo tu, ukaisha. Njia imenyooka, hakuna cha kukata. Ndivyo alivyokuwa akitaka siku zote, sivyo? Mbona basi moyo ulimuuma? Alikaa na kidole juu ya kitufe, akatambua kwamba kumbe kila jioni alikuwa akikingojea kile kipande kilichopinda.

Mchana huo wa jua kali hakukuwa na mteja. Akafungua video za zamani. Jasper alikuwa amemwomba asifute kitu, hivyo hata vile vipande alivyovikata vilikuwepo. Akavipanga kimoja baada ya kingine.

Akajiona. Yuko mlangoni anacheka na Qabale, mkono kiunoni. Yuko kwenye mvua anapigana na turubai. Ameinamia simu, parafujo midomoni. Amesinzia kwenye kiti, na hapo pikipiki ilipunguza mwendo, injini ikashushwa ili isimwamshe. Halafu kikaja kipande cha wiki ya Pasaka, alipokuwa amekwenda Ndera. Mlango umefungwa. Pikipiki ilisimama, injini ikazimwa kabisa, na kamera ikalitazama kufuli. Chini ya sponji ikasikika sauti ya mtu anayesema peke yake.

"Bado hajarudi. Haya."

Injini ikawashwa.

Dorothy aliirudia sauti hiyo, akalia, akajifuta kwa upindo wa leso. Akakitazama kiti chake. Tangu lini alikigeuza kikawa kinaelekea barabarani, wakati meza ya kazi iko upande wa pili? Na birika la chai, kwa nini huwa analibandika saa ile ile pikipiki inapokaribia kurudi? Alimpenda Jasper. Alijua sasa, na wazee walikuwa wanakuja keshokutwa.

Akapiga simu. Haikushikwa. Akatuma ujumbe: "Njoo uchukue kadi yako."

"Mpe Qabale, nitapitia kwake," Jasper akajibu.

"Video ina kasoro. Njoo uione mwenyewe."

Alikuja Ijumaa alasiri. Dorothy aliigeuza laptopu, akabonyeza, akarudi kukaa. Jasper alitazama akiwa amesimama. Ilipofika kufuli na ile sauti, aliiweka helmeti sakafuni taratibu.

"Nilidhani unavitupa," alisema.

"Uliniambia nisifute. Hii ni nini, Jasper?"

"Ni kona yako."

"Kona naijua. Nakuuliza wewe."

Jasper alivuta pumzi. "Ulikuwa ukiniambia niangalie mbele. Nikajua umeona, na hutaki. Umenikataa kwa ustaarabu, na mimi nikakubali."

"Mimi nilikuwa naongea habari ya video."

"Sikujua."

"Na uliposikia ya Jumamosi, ukaona dawa ni kuishusha kamera?"

"Ningefanyaje? Shingo nimeshindwa kuizuia. Nikaona bora kamera isione."

Dorothy aliifunga laptopu. "Kwa hiyo jana, ulipopita hapa..."

"Niligeuka," Jasper alisema. "Na leo asubuhi."

Nje Qabale alikuwa akimpimia mtu maziwa, na naapa alikuwa akipima polepole kuliko kawaida yake.

"Jasper, siwezi kumkataa mtu mzima mbele ya wazee kwa sababu ya shingo yako. Kama una neno, mdomo unao. Liseme."

Jasper alikuwa mtu wa barabara, si wa maneno. Lakini alipoyasema, aliyasema akimtazama.

"Nakupenda, Dorothy. Sina ofisi. Nina pikipiki, na hizi njia. Nataka nikuoe, na nikiwapigia wazee wangu Ngao sasa hivi, watakuja."

"Usiwapigie leo," Dorothy alisema. "Kesho nina wageni. Wapigie Jumapili."

"Na maji?"

"Maji niachie mimi."

Jumamosi, kule Ndera, wageni walifika wakapokewa vizuri. Wali wa nazi ulikuwa tayari, samaki tayari. Birika na beseni vilikuwa mlangoni mwa jiko, na Dorothy amekaa kwenye kigoda karibu navyo, mikono mapajani. Kutoka chumbani sauti za wazee zilisikika zikizungumzia mvua. Shangazi Teresia akaingia.

"Dorothy. Maji yanapoa."

"Shangazi, siwezi."

Shangazi aliufunga mlango nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa kuheshimika, na watu waliokaa kwenye mikeka yake hawakuja kutembea.

"Kuna mtu?"

"Yupo."

"Amesema?"

"Jana."

"Siku zote hizo alikuwa wapi?"

"Alikuwa anapita," Dorothy alisema.

Shangazi alifungua kinywa amkaripie, na Dorothy akamwahi, kwa upole. "Wewe uliyapeleka, Shangazi. Ulilia."

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Nilikuwa mdogo, unanisuka hapo nje. Ukaniambia ulilia mpaka beseni likakuponyoka, na kwamba hakuna aliyekuuliza kwa nini."

Shangazi alimtazama binti huyo aliyemlea, akalitazama beseni. Mzee mmoja chumbani alikohoa, ile ya kukumbusha kwamba watu wana njaa. Dorothy aliogopa. Kama shangazi angesema neno moja zaidi, angesimama na kuyabeba, maana hakuwa na nguvu ya kumkatalia mwanamke yule mara ya pili.

Shangazi Teresia aliinama, akakaza leso kiunoni, akabeba birika na beseni mwenyewe.

"Kaa hapo," alisema. "Usitoke mpaka wale."

Akaingia navyo. Mazungumzo chumbani yalikatika. Kisha Dorothy akasikia maji yakimiminwa, taratibu, na mzee wa kina Hudson akisema kwamba chakula hakina kosa, watu wale. Wakala. Hudson alipokuwa akiondoka alipitia mlangoni mwa jiko kuaga. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alimpa mkono.

"Afadhali nimejua leo," alisema, na alimaanisha.

Wazee wa Ngao walikuja wiki kadhaa baadaye. Siku hiyo Dorothy aliyabeba maji mbiombio mpaka akawamwagia miguuni, na shangazi akasema toka chumbani kwamba hakuna anayemkimbiza.

Harusi ilifanyika Ngao, mpunga ukiwa umeshavunwa. Waendesha bodaboda wa Garsen walitoka wote, pikipiki zimefungwa vitambaa, honi mpaka ng'ombe sokoni wakageuka. Wenzake walikataa Jasper ambebe bibi harusi kabla ya kiapo, hivyo Dorothy alipanda pikipiki ya Harrison, rafiki yao, gauni limekunjwa magotini, akawekwa upande wa kushoto wa Jasper njia nzima. Kamera ilikuwa imerudi kidevuni kwenye helmeti. Dorothy ndiye aliyeibandika, kwa spiriti na kidole gumba, na safari hii alisisitiza ile kamba ya kiatu iwe nyeupe.

Baada ya fungate alifungua duka, akachomeka kadi. Kazi ni kazi. Lakini video ile ilikuwa haifai. Barabara ya Ngao haikuonekana hata kidogo. Daraja lilipita, mashamba yakapita, mto ukapita, na hakuna kilichoonekana isipokuwa mwanamke mmoja upande wa kushoto, ameshika gauni, mara anacheka, mara anaashiria kwa kidole kwamba mtu aangalie mbele asije akawaua.

"Kata," Jasper alisema nyuma yake, kwa aibu. "Watu wanataka kuona njia."

Dorothy aliweka kidole kwenye kitufe. Akakiondoa. Akaituma vile vile, nzima.

Watu wakaandika hongera mpaka simu ikapata moto. Katikati ya hongera hizo, dereva mmoja wa lori, mtu wa kazi yake, aliandika: "Hongereni sana. Lakini hiyo barabara vipi, inapitika?"

Dorothy alimtazama mumewe, aliyekuwa amejifanya anafuta helmeti. Akaandika jibu yeye mwenyewe.

"Inapitika."