Vigingi vya Lowell

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Britta aliwapelekea ng'ombe maji, kisha akapita nyuma ya nyumba kuvitazama vigingi vya baba yake. Vilikuwa vya mbao, vimeunganishwa kwa uzi mweupe kuonyesha mahali banda jipya litakaposimama. Baba huyo, kaka yangu Lowell, alivipigilia mwezi wa Aprili, theluji ilipoyeyuka. Mwezi wa Mei moyo wake ulisimama akiwa juu ya trekta. Kiangazi kizima Britta hakuruhusu mashine ya kukata majani isogee karibu na vigingi hivyo. Alipiga magoti akakata majani yaliyovizunguka kwa mkasi.

Banda la zamani lilikuwa limeangushwa na uzito wa theluji. Bila banda, nyasi kavu zingelowa na kuoza, na Karla, mjane wa Lowell, angelazimika kuwauza ng'ombe wote kabla ya Krismasi. Kwa hiyo aliamua kununua banda la nguzo linalouzwa likiwa vipande. Nguzo, kenchi za paa, mabati na misumari huletwa na lori, halafu unajijengea mwenyewe.

Jioni moja alikaa mezani na Britta wakipiga hesabu. Britta, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alipoiona bei ya kampuni alifurahi, kwa sababu fedha zilitosha na kubaki. Mama yake akamwambia asubiri. Akaanza kutaja mambo ambayo hayamo katika bei hiyo: kibali cha wilaya, kokoto za kusawazisha uwanja, zege la kushikilia nguzo, mashine ya kukodi ya kuchimba mashimo, hata mlango. Jumla ilikaribia kuwa mara mbili. Kisha Karla akatenga fungu jingine, akasema ni la kitu ambacho bado hajakijua.

Jirani yetu Duane Hovde, aliyekuwa akinywa kahawa pale, alicheka. "Karla, siku ukifika mbinguni utamwuliza Petro kama nauli ya kurudi imo."

"Nitamwuliza," Karla alijibu. "Na kama haimo, siingii."

Duane alipoinuka kuondoka alikumbusha jambo moja. Bomba la gesi liendalo mjini lilipita chini ya malisho yale, na hakuwa na hakika kama Lowell aliweka vigingi mbali nalo. Sheria ni kwamba kabla ya kuchimba unawapigia simu wapimaji wa mabomba. Wanakuja bila malipo, wanafuatilia bomba kwa kifaa chao, wanapuliza rangi ardhini na kuchomeka vibendera. Karla alikuwa na zamu ndefu katika nyumba ya kutunzia wazee, hivyo akamkabidhi Britta kazi ya kupiga simu siku iliyofuata, akitoka shule.

Britta hakupiga. Aliogopa wapimaji wangesema vigingi viondolewe na banda lijengwe kwingine. Mama yake alipouliza, alisema wamekuja mama akiwa kazini, wamepima, na hakuna kitu karibu.

Jumamosi ya kuchimba, Duane alifika na trekta lenye keekee kubwa ya kukodi ya kutobolea ardhi. Wanaume wachache wa kanisani walikuja kusaidia, na mimi nilikuwa jikoni nikioka viazi na nyama ya kusaga. Duane aliuzunguka uwanja, akauliza rangi iko wapi. Karla akamweleza alivyoambiwa na binti yake. Britta akatikisa kichwa kukubali. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na Duane akadhani labda imeosha rangi na kuangusha vibendera.

Shimo la kwanza likachimbwa, kisha la pili. Nilitoka na birika la kahawa wakati keekee ikisogezwa juu ya kigingi cha tatu. Nels, mdogo wake Britta mwenye miaka sita, alikuwa amesimama karibu sana, akisubiri kuona udongo unavyorushwa. Nikamwona Britta. Uso wake ulikuwa umepauka kabisa. Alitembea moja kwa moja hadi pale, akakaa chini penye kigingi, keekee ikiwa inaning'inia juu ya kichwa chake.

Duane akazima injini. "Toka hapo, binti. Hiyo siyo bembea."

"Sikupiga simu," Britta alisema. "Hawakuja. Nilidanganya."

Duane alishuka kwenye trekta taratibu, akavua kofia. Karla alimnyakua Nels na kumkumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Wangeving'oa, Mama," Britta alisema. "Vigingi vya Baba. Wangeving'oa."

Duane akawatuma watu wote upande wa pili wa barabara, na trekta likaachwa pale pale liliposimama.

Siku ya Jumatano mpimaji alikuja. Alitembea na kifaa chake kutoka kwenye uzio, akipuliza rangi ya njano. Tulikuwa tukiifuata kwa macho. Mstari ulikata malisho, ukaja, ukazidi kuja, ukapita kando ya kigingi cha tatu. Kati ya rangi na kigingi ungeweza kuweka kiganja cha Nels, basi. Mpimaji akayatazama yale mashimo mawili, akauliza ni nani aliyeisimamisha mashine. Duane akamwonyesha Britta kwa kidevu.

"Shukuruni," mpimaji alisema. "Mara nyingi mimi huitwa baadaye."

Karla aliketi kwenye nyasi. Britta alikuwa bado ameukazia macho ule mstari.

"Baba alikosea," alisema kwa sauti ndogo, na nilihisi kwamba hilo lilimtisha kuliko gesi yenyewe.

Ilibidi banda lihamishwe upande wa chini, kwenye mteremko. Mashine ikakodiwa tena, na kokoto zaidi zikanunuliwa kujaza pale palipoinama. Lile fungu alilochekewa Karla likaisha lote, na bado halikutosha, hivyo mlango ukafutwa katika mpango wa mwaka ule.

Kabla ya kazi kuanza upya, Karla alimpeleka Britta uwanjani. Nilikuwa nao.

"Baba yako alipiga vigingi vya mbao," alimwambia. "Hakumwaga zege. Alijua bado hajamaliza kupanga, na angekuwa hai angeviondoa yeye mwenyewe siku ile ile. Ninaposema tunamkumbuka, sisemi juu ya vijiti hivi. Nasema juu ya Nels. Nasema juu yako."

Britta alilia bila sauti.

"Bei ikiwa kubwa, nitaipangia. Ardhi ikiwa mbaya, nitaipangia. Ukiwa na hofu, njoo uniambie, hata hiyo nitaipangia. Uongo siwezi kuupangia, kwa sababu siujui uko wapi mpaka tuutoboe. Ulisema ukweli ukiwa umechelewa, lakini ulisema, na ndiyo maana leo tunazungumza. Safari ijayo usingoje mashine iwashwe."

Britta akafuta uso kwa mkono wa koti, akainama, akaking'oa kile kigingi cha tatu. Kilitoka kwa shida. Akakipangusa udongo, akakibana kwapani, akaenda kwenye kilichofuata.

Nguzo zilisimama mwezi wa Oktoba, na mabati yakamalizika kupigwa wiki ambayo theluji ya kwanza ilianguka. Mlangoni tulitundika turubai, likapigapiga kwa upepo majira yote ya baridi. Nyasi zilibaki kavu. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa.