Gari Jeusi la Marlies

"Hivi, Leny, mbona gari la dada yako linazidi kunenepa, na lenu linazidi kukonda?"

Swali hilo la jirani yake Truus lilimchoma Leny. Kila Jumapili baada ya Misa, dada yake Marlies alivuka mpaka kutoka Ujerumani, alikoolewa, kuja Uholanzi kwa Leny. Aliegesha gari lake jeusi la dizeli mbele ya dirisha, sebule ikaingia giza. Leny alimimina kahawa huku roho inamuuma. Kanisani aliomba aondolewe wivu. Lakini akitoka nje na kuliona gari, wivu ulimrudia mzima mzima.

Siku moja Marlies akasema, "Tunanunua jipya. Hili nikuachie, mdogo wangu? Bei ya kindugu."

Leny akamfuata mumewe, Sjra, bustanini.

"Tulichukue. Tuna zile pesa za paa."

"Na paa je? Linavuja!"

"Paa halionekani barabarani."

Sjra akacheka. Mkewe hakucheka.

"Na kodi?"

"Litabaki na namba za Ujerumani, kwa jina la Marlies. Kule kodi ni nafuu. Nani atajua?"

Truus alikuwa akipunguza matawi ya ua wa bustani yake, upande wa pili. Aliwahi kuishi Ujerumani miaka mingi na marehemu mumewe. Akachungulia.

"Watu wa kodi watajua, shoga. Ukiishi huku Uholanzi ukaendesha gari la namba za nje, unadaiwa kodi ya huku, na faini juu yake."

"Basi tutalisajili huku."

"Hapo ndipo utakapolia. Kule wanatazama ukubwa wa injini na moshi. Huku wanatazama uzito na aina ya mafuta. Lile ni zito kama ng'ombe, tena la dizeli! Kuna kodi ya kulisajili, kisha kodi ya barabara. Bado bima, ukaguzi na matairi. Usiulize bei ya gari tu. Uliza litakula nini mwaka mzima, hapa unapoishi."

"Mbona Marlies analimudu?"

"Ulimuuliza bima yake? Wewe umeona rangi tu."

Leny alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikwenda na Sjra kuuliza ofisi ya kodi, kisha watu wa bima. Kumbe gari lile lingekula karibu mara tatu ya kijigari chao cha petroli. Wakaita mafundi wa paa.

Jumapili moja mvua ilinyesha kutwa. Safari hii hakuna aliyeweka ndoo sebuleni. Marlies akaweka funguo mezani, kando ya keki ya cheri.

"Haya, lichukue."

"Halinifai, dada. Huku litatumaliza."

"Acha hizo! Miaka yote umelikodolea macho."

"Nimelikodolea kweli. Mungu anisamehe."

Marlies akainua macho. Dari lilikuwa kavu, limepakwa chokaa mpya.

"Hatununui jipya," akasema. "Mafuta na bima ya hili vimetushinda, ndiyo maana tunaliuza. Kumbe mwenzangu umeezeka paa."

Leny aliijua sauti ile. Ndio wivu uliokuwa ukimla yeye kila Jumapili, pale dirishani.

"Kaa, dada. Nikukatie keki."

Marlies akachukua funguo, akavaa koti lake, akatoka nje kwenye mvua.