Ghorofa ya Kumi na Nne

Jioni ile ya Desemba, mjini Chicago, Otakar alirudi kazini kuchukua mwiko wake wa kujengea tu. Alikuwa ameusahau ghorofa ya kumi na mbili. Juu ya hapo matofali yalikuwa hayajafika; kulikuwa na nguzo za chuma tupu na theluji. Majengo ya siku hizi yalibebwa na chuma. Waashi kama yeye waliyavisha nguo ya matofali tu.

Ndani ya lifti ya mizigo alisimama mzee asiyemjua, kofia imemfunika macho.

"Kumi na mbili, mzee wangu."

Mzee akavuta kamba, lifti ikapanda.

Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili... ikapita.

"Wee mzee! Umenipitisha!"

"Unangojwa juu."

Harufu ikampiga puani. Nywele zinaungua.

Lifti ikasimama ghorofa ya kumi na nne. Mbele yake ukumbi mrefu, sakafu ya mbao, joto tele. Mwisho wa ukumbi, mtoto wa kike, miguu mitupu.

Ludmila, Lida wake.

Dada yake, aliyepotea mji ulipoungua, miaka kumi na tisa nyuma. Otakar, naye mtoto, alimwacha kwenye ngazi za nyumba akaenda kumtafuta mama.

"Kaka," alinong'ona. "Ulisema unarudi."

"Nilirudi, Lida. Moto uka..."

"Basi njoo."

Otakar akainua mguu.

"Otakar! Una wazimu wewe? Usisogee!"

Ilikuwa sauti ya Dorsey, msimamizi, kutoka nyuma yake. Otakar akatazama miguuni.

Hakukuwa na sakafu.

Hakukuwa na lifti. Alisimama juu ya boriti ya chuma, nyembamba kama kiganja, mguu mmoja hewani.

Alirudi akitambaa. Dorsey akamdaka kola.

"Umepandaje huku?"

"Kwa lifti."

"Lifti ipi? Boila inayoiendesha imezimwa tangu adhuhuri. Mimi mwenyewe nimepanda kwa miguu, roho mkononi."

Otakar aliacha kazi. Mwaka uliofuata jengo likafunguliwa, mawakili wakahamia. Alipita mbele ya jengo hilo mara nyingi bila kuinua macho, hata jioni moja akajikuta ameingia. Mama mmoja alikuwa akipiga deki karibu na lifti.

"Unakwenda ya ngapi, baba?"

"Kumi na nne."

Mama yule akaacha deki.

"Huko kuna mtoto. Hana viatu, maskini. Kila jioni ananiuliza kama kaka yake ameshafika." Akashusha sauti. "Sijui leo nimwambie nini."

Otakar akavua kofia.

"Usimwambie kitu, mama," alisema, akaingia kwenye lifti. "Nakwenda mwenyewe."