Joto la Transista ya Pili

Mjomba wangu, mdogo wake mama aliyemfuata ziwa, alikuwa fundi wa redio. Mtaani walimwita Mita, kwa sababu hakuamini jambo mpaka alipime. Ukimwambia chai ni ya moto, atakuuliza moto kiasi gani.

Mkewe alipofariki, hakuhama. Alibaki katika vyumba vile viwili nyuma ya duka la fundi cherehani, kimoja cha kulala, kingine cha kazi. Wateja nao walikuwa wamepungua, maana siku hizi redio ikifa watu hununua nyingine. Mama alimpigia simu kila Jumapili. Mjomba alijibu kwamba ni mzima, mama naye akasema ni mzima, kisha wote wawili wakanyamaza mpaka mmoja akakata.

Haya ninayosimulia, mengine alinieleza mwenyewe, mengine niliyaona kwa macho yangu.

Mchana mmoja wa mvua nyepesi, Mjomba aliamua kujitengenezea pedali ya gitaa, kile kiboksi cha bati unachokikanyaga sauti ya gitaa ikakwaruza na kunguruma. Ujanani alikuwa mpiga gitaa. Alitaka mkwaruzo wa enzi zile, na mkwaruzo huo, alisema, hautoki ila kwa transista za enzi zile, vile vidude vidogo vya kukuza sauti ndani ya redio. Akaenda kwa muuza vyuma chakavu, akapata redio kuukuu. Muuzaji alimweleza, bila kuulizwa, kwamba ilitoka chumbani kwa bibi mmoja aliyekufa peke yake. Majirani walipovunja mlango, maiti ilikuwa imeshaharibika, na redio bado ilikuwa ikiongea.

Mjomba alisikitika, akaifungua, akang'oa transista mbili.

Ya kwanza haikumsumbua. Ya pili ndiyo iliyoleta maneno. Transista, alinifundisha, lazima uipe bayasi, yaani umeme kidogo wa kuifanya ikae tayari kupokea sauti. Betri ikiwa ya volti tisa, ukipima pale sauti inapotokea upate kama nusu yake. Ikishuka sana, sauti inakatikakatika kama mtu anayekabwa koo. Alibadilisha rezista, vile vipande vya kupunguza umeme, hii na ile, mpaka mita ikasoma nne na nusu, akaunganisha spika, akashika gitaa.

Kabla hajagusa uzi, namba zikaanza kushuka. Nne. Tatu. Mbili. Akaipuliza transista, zikapanda. Akaketi, zikashuka tena.

Hilo halikumtisha. Transista za aina ile haziwezi joto; ukiishika kwa vidole tu, namba zinaporomoka. Akachomoa chuma cha kulehemu, akakitoa nje kabisa. Akazima taa ya mezani. Akasogeza kiti nyuma. Mita ikashuka hivyo hivyo, taratibu, ikatulia palepale inapotulia mtu anapoibana transista kwa vidole viwili.

Akanyoosha mkono, akagusa bodi, kile kibao kilichobeba vipande vyote. Bodi nzima ilikuwa baridi. Transista ile ya pili tu ilikuwa na uvuguvugu. Haukuwa moto wa umeme, alisema. Moto wa umeme anaujua. Ulikuwa wa ngozi.

Akapiga gitaa. Sauti ikakwaruza, ikatapatapa, ikafa. Ilipokufa, ndani ya spika mlibaki pumzi. Ikaingia. Ikatoka. Mjomba akapeleka mkono kwenye swichi.

"Usizime," spika ikanong'ona.

Hakuzima.

Hapo ndipo ninapostaajabia mpaka leo. Mwingine angetoka mbio akaacha viatu. Yeye alirudi kuketi. Aliniambia kwamba tangu msiba, hakuna aliyekuwa amemwomba kitu chochote ndani ya chumba kile.

Jumapili iliyofuata mama alipopiga, Mjomba alimwambia asimcheleweshe, ana mgeni. Mama alifurahi kwanza. Baadaye akaanza kuwaza ni mgeni gani anayepumua karibu na simu namna ile. Akanituma.

Nilikuta mlango umerudishiwa tu. Mjomba alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, ameinama mbele ya pedali ikiwa wazi, mita imeunganishwa. Betri zilizokwisha zilizagaa sakafuni. Niliposalimia, aliinua kidole.

"Ongea polepole," akasema. "Ndiyo kwanza ametulia."

Nilimuuliza nani. Alisema tu kwamba mgeni wake hapendi kimya, na kwamba kila betri ikikaribia kwisha huunganisha nyingine kabla ya kuitoa ya kwanza, asije akabaki peke yake hata kidogo.

Nikaitazama mita. Mbili. Nikasogea karibu. Ikashuka. Nikasogea tena. Ikashuka zaidi, kana kwamba aliyeishika ameniona, akaibana kwa nguvu.

Nikachomoa betri.

Spika ikanyamaza. Lakini mita, ambayo sasa haikuwa na umeme wa kupima, ilibaki kwenye mbili. Kisha moja. Kisha sifuri. Polepole. Kama vidole vinavyofunguliwa kimoja kimoja.

"Umemwacha gizani," Mjomba akasema.

Mama alimhamishia kwetu. Hakubisha. Mama alitaka transista ile itupwe chooni, Mjomba akamsihi asifanye hivyo, akaifukia mwenyewe nyuma ya duka la cherehani, mahali panapopigwa na jua kutwa nzima. Siku hizi anakula, anacheka kidogo, na hapendi kuachwa sebuleni peke yake.

Siku ya kuhamisha vitu, meza ya kazi ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa meza nzito, imegandamana na ukuta tangu mkewe yu hai, hata kitambaa hakipiti katikati. Tukaivuta, mimi na mama. Ukingo ule wa nyuma ulikuwa na vumbi nene lililoshikana na moshi wa kulehemu, kutoka pembe hadi pembe, isipokuwa mahali pawili. Miduara miwili, safi, mbao inang'aa.

Mama akaizunguka meza, akasimama upande wa ukutani, pale ambapo hapakuwa na nafasi ya mtu. Akainama, akaweka viwiko vyake kwenye miduara ile. Vikaenea barabara.

Akainua uso. Alikuwa anatazamana na kiti cha Mjomba.