Mchoro wa Dimbwi

Mchoro wa dimbwi ulikataa kukauka.

Mingine yote ya Jost Brandis, ile ya miamba na mawingu aliyoipaka rangi hukohuko bondeni kabla jua halijahama, ilikuwa imekauka ukutani. Huu mmoja ulitoa jasho. Aubin, Mfaransa aliyepanga naye chumba pale Olevano, kijiji cha milimani Italia, aliugusa akanusa kidole.

"Jost, umechanganya nini humu? Unanuka matumbo ya samaki!"

"Kibofu kimeoza tu." Rangi zao walizibeba ndani ya vibofu vya nguruwe.

"Kibofu gani, ndugu yangu? Hiki ni kidonda."

Kesho yake nzi walikuwa wameufunika. Jost alipowafukuza, maji ya kijani yaliteremka ukutani, mazito kama kamasi, yamebeba unywele mrefu.

Adhuhuri moja Mama Filomena, mwenye nyumba, mjane aliyejua kuagua, aliingia na mkate akamkuta Jost amepiga magoti, uso kaubandika kwenye ile karatasi, anainyonya na kumeza, ute unamchuruzika kidevuni, na tumbo lake linafurukuta kama gunia la vyura.

"Maria Mtakatifu! Mwanangu, tema!"

Sauti iliyojibu ilitoka tumboni. "Nina kiu. Amenitoa kwangu."

"Kwako wapi?" mama alinong'ona.

"Dimbwini."

Mama alimgeukia Aubin, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Si wachunga mbuzi walimkataza asikae pale? Mpeleke. Na huo mchoro aufute mwenyewe, kwa mkono wake."

"Lakini mama, hajawahi kuchora kitu kizuri kama hiki."

"Basi unyonye wewe!"

Walimkokota, yeye na mchoro wake, mpaka dimbwini kule bondeni. Jost, huku akilia, aliuzamisha mchoro akaanza kuusugua. Rangi ikatoka, na chini ya maji yale ulimi mpana, wa vuguvugu, unaokwaruza kama wa ng'ombe, ukaanza kumlamba vidole, kimoja baada ya kingine, bila haraka, ukipenya katikati yake, ukichokoa chini ya kucha, naye hakuthubutu kuutoa mkono mpaka karatasi ilipobaki tupu.

Ndipo akatapika. Yalitoka maji, nywele, na kitu kisicho na macho kilichojiburuta chenyewe kuingia dimbwini.

Jost alipona, akarudi kwao Dresden, Ujerumani, akaoa. Lakini mkono ule uliolambwa, wa kulia, hakumpa mtu kamwe. Hata binti yake alipozaliwa, alimpokea kwa wa kushoto.