Alisema Ana Bibi, Nikafurahi

Nina miaka thelathini na nne. Ni Mtanzania, mzaliwa wa Kilosa, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani huku Takoma Park, Maryland. Nayaandika haya mwanangu akiwa amelala… maana akiamka sina nafasi hata ya kulia.

Nilipofika Marekani nilipokelewa na shangazi yangu, dada wa baba, anayeishi Langley Park. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii ya Takoma Park na kunifundisha hata kupanda basi. Nilimwamini kama mama!

Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunaangalia filamu za Kihindi. Moja ya kuchekesha tuliirudia mpaka tukaikariri. Msichana anatafutiwa mchumba na wakubwa, anagoma, anagombana na stelingi, yule kijana aliyechaguliwa, na mwisho wanapendana kufa. Aliyepanga yote hayo ni bibi wa yule kijana, ajuza mcheshi asiyeacha jambo la mtu.

"Unaona?" shangazi alikuwa akiniambia. "Mapenzi hufuata nyuma. Niachie mimi nikutafutie."

Nikacheka… laiti ningejua!

Akaniletea Makori, Mkenya mpole anayepakia mizigo kwenye ghala moja kule Manassas, Virginia. Alikuja amevaa tai, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Sitaki kukuficha kitu," akasema. "Mimi niko na bibi nyumbani. Na siwezi muacha."

Jamani! Moyo uliyeyuka. Mwanaume anayempenda bibi yake hivyo, si ndiye yule wa filamu?

"Nani kasema umwache?" nikamjibu. "Bibi yako ni bibi yangu. Tutamtunza wote."

Makori alinitazama kama mtu asiyeamini bahati yake. Shangazi alikuwa anamimina chai. Mkono wake ulisimama… halafu ukaendelea kumimina. Kwa nini sikujiuliza?

Dalili zilikuwepo, wasomaji wenzangu. Siku moja nilisikia simu ya Makori ikisema, "Mume wangu, umekula?" Nikacheka peke yangu jikoni. Kwetu bibi humtania mjukuu wake wa kiume hivyo hivyo, anamwita mume! Sauti ilikuwa changa mno, lakini nikaisingizia simu. Nikiomba kumsalimia, Makori ananiambia, "Ngoja kwanza, bado hajazoea hiyo maneno." Na kila nilipomtaja bibi, shangazi alibadilisha mazungumzo.

Nikamfumia bibi shali. Nikamnunulia na mkongojo wa kukunja, kama wa wazee wangu wa kazini. Makori aliugeuzageuza, akauliza ni wa nini. Nikamwambia njia za milimani kwao zinateleza. Akaufunga pamoja na shali, akampa mtu aliyekuwa anasafiri kwenda Kenya.

Tukafunga ndoa kwenye kanisa dogo lisilouliza mengi. Nikaacha kazi, nikahamia Manassas, mimba ikaingia. Nilijiona nimefika…

Jumamosi moja Makori akaniita, "Kuja, bibi anataka kukuona." Nikajifunga khanga haraka, nikakimbilia simu, nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi!"

Kwenye kioo alikuwepo mwanamke wa rika langu. Shali yangu ilikuwa mabegani mwake. Nyuma yake walisimama watoto wawili, sura zao ni Makori mtupu.

"Shikamoo ya nini na sisi ni rika moja?" akasema. "Asante kwa shali, mke mwenzangu. Lakini hiyo fimbo… ulituma ya kunichapa?"

Nikaketi sakafuni.

Makori alishangaa kuliko mimi! "Si nilikuambia siku ya kwanza niko na bibi? Na ukafurahi!" Kweli aliniambia. Kwao bibi ni mke! Mama wa mzazi wako wao humwita nyanya… na kwetu nyanya tunaungia mchuzi!

Nilikwenda kwa shangazi nikilia. Miaka yote ameishi na majirani Wakenya, neno hilo analijua vizuri. Wala hakukana. Alisema umri ulikuwa unanitupa mkono, na mke mwenzangu yuko mbali, atanidhuru nini? "Ningekufafanulia ungekataa," akasema.

Ningekataa, ndiyo! Ilikuwa haki yangu kukataa!

Makori alisema ukweli kwa Kiswahili cha kwao, na sina chuki naye, ingawa sikuweza kubaki nyumbani kwake. Lakini shangazi alizielewa lugha zote mbili, akaendelea kumimina chai. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Wadogo zangu, nawasihi, filamu isiwachagulie mume! Na msidhani Kiswahili ni kimoja. Mchumba akikwambia ana bibi, muulize hapo hapo: bibi yupi? Ana umri gani? Mpigie nimwone! Afadhali wakucheke leo kuliko ulie kama mimi.

Nimerudi Takoma Park na mwanangu. Mama hupiga simu kutoka Kilosa, na kila mara husema, "Mwambie bibi yake anamsalimia." Ni mama yangu mzazi… lakini nikilisikia neno hilo bado nashtuka, nageuka kuutazama mlango, kana kwamba mke mwenzangu anabisha hodi.